Dirisha Linafungwa Saa Sita Usiku

Leo tuzungumze habari ya foleni. Sina maana ya foleni ya magari ya Mwenge wala ya Mbagala, hiyo umetoka kuikalia sasa hivi na huna hamu ya kuisikia tena. Nazungumzia foleni ya watu wanaotafuta kazi.

Mwezi Juni mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ya Tanzania iliita waombaji kwenye usaili. Nafasi zilikuwa 70. Walioitwa walipita 10,000, na kwa kuwa hakuna ukumbi wa kuwaweka watu wote hao, walikalishwa Uwanja wa Taifa, kwenye viti vile vile wanavyokalia mashabiki wa Simba na Yanga. Picha zilisambaa kila mahali. Watu walizitazama, wakashika vichwa. Siku ile hakuna aliyehitaji kuelezwa tatizo la ajira lina ukubwa gani.

Sasa twende mwaka 2025. Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596. Maombi yaliyoingia yalikuwa 135,027. Uwanja ule ule, ambao siku hizi unaitwa Benjamin Mkapa, una viti 60,000. Watu hao wangeujaza mara mbili, na maelfu wengine wangebaki getini. Lakini foleni ya kuomba nafasi hizo hakuna aliyeipiga picha, kwa sababu haikupangwa mahali popote. Ilikuwa ndani ya simu. Mmoja yuko Tandahimba, mwingine Kibondo, mwingine amejibanza dirishani kwa shangazi yake Tabata kwa sababu hapo ndipo mtandao unaposhika.

Wakubwa wakisimama jukwaani husema mifumo ya kielektroniki imeondoa foleni. Mimi nasema foleni ipo, tena ndefu kuliko ya zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila mtu anaipangia kwake, kwa bando lake, na ikikwama hakuna wa kumuuliza.

Nisieleweke vibaya. Sizililii zama za bahasha ya kaki. Wanaozikumbuka wanajua. Unaandika barua kwa mkono, unatoa kopi za vyeti, unakwenda posta, unatuma kwenye sanduku la barua, halafu unakaa miezi bila kujua kama barua ilifika au imelala kwenye droo ya karani. Aliyekuwa na mjomba ofisini alijua nafasi ipo kabla tangazo halijatoka. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma iliundwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2007, na mfumo wake wa maombi, ule ambao kila mhitimu anauita Ajira Portal, umefanya jambo kubwa: tangazo ni moja kwa wote, mtu wa Newala analiona siku ile ile anayoliona mtu wa Oysterbay. Hilo si dogo, na anayelibeza hakuwahi kutuma bahasha.

Ila kuliona tangazo na kuomba kazi ni mambo mawili.

Hebu tukae kidogo na kijana mmoja, simtaji jina, wapo wengi kama yeye. Ana shahada, anaishi na wazazi wilayani, simu yake ni ya kupangusa lakini kioo kimepasuka pembeni. Tangazo limetoka, siku ni 14. Anatakiwa kuwa na akaunti. Ili awe na akaunti anahitaji namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, na namba hiyo ina tarakimu 20, ukikosea moja unaanza upya. Anahitaji barua pepe. Anahitaji vyeti vyake, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha chuo, na vithibitishwe na wakili. Tangazo linamwonya kabisa kwamba karatasi ya matokeo ya kidato cha nne haikubaliki, wala ile ya muda ya chuo. Barua ya maombi iwe na saini. Wadhamini watatu, na namba zao za simu. Picha ya pasipoti ya karibuni. Kila karatasi igeuzwe faili, na faili lisiwe kubwa kupita kiasi kilichowekwa.

Hapo kwenye faili ndipo simu inaposhindwa. Picha ya cheti iliyopigwa kwa simu ni nzito, mfumo unaikataa. Akiipunguza kupita kiasi, mhuri wa wakili hausomeki. Wajanja wana CamScanner na programu za aina hiyo. Asiye mjanja anakwenda steshenari.

Steshenari, msikilizaji, ndiyo ofisi ya kweli ya ajira katika nchi hii. Kila mji una kadhaa, aghalabu karibu na stendi au mkabala na halmashauri. Kompyuta moja au mbili, mashine ya kudurufu, mashine ya kuskani, kalenda ya mwaka jana ukutani, na dada mmoja ambaye ameomba kazi kwa niaba ya watu wengi kuliko afisa utumishi yeyote unayemjua. Ukutani pameandikwa kwa kalamu ya wino mzito: Tunaomba ajira, mikopo ya chuo, NIDA, TIN, pasipoti. Kijana anakabidhi bahasha ya vyeti, anakaa kwenye benchi, anasubiri.

"Dada, imekubali?"

"Bado, inazunguka."

"Tangu ile saa mbili?"

"Mdogo wangu, na wewe ungeomba wiki iliyopita. Leo siku ya mwisho, nchi nzima imo humu."

Naye ana haki ya kusema hivyo, ingawa kijana pia ana sababu zake. Wakili yuko makao makuu ya wilaya, nauli imepatikana Alhamisi, mama ameuza kuku Jumamosi, sasa ni Jumatatu na dirisha linafungwa saa sita usiku. Wanaotulaumu kwamba Waswahili tunapenda dakika ya mwisho, na lawama hiyo naisikia hata hapa studio, wajiulize kwanza pesa ya kuskani inatoka wapi na inafika lini.

Kuna jambo la steshenari ambalo halizungumzwi, na mimi naliona zito kuliko yote. Kijana hana barua pepe, dada anamfungulia. Namba ya simu inayowekwa kwenye akaunti mara nyingine ni ya dada mwenyewe, ili ujumbe wa uthibitisho uingie hapo hapo na kazi iendelee, wateja ni wengi. Paswedi anaitunga yeye, anaiandika kwenye daftari la kaunta. Kijana anaondoka na karatasi iliyochapishwa, amefurahi, ameomba. Miezi inapita. Siku moja Sekretarieti inatoa orodha ya walioitwa kwenye usaili, jina lake limo. Tangazo linaelekeza kila msailiwa aingie kwenye akaunti yake akanakili namba ya mtihani, kwa kuwa siku ya usaili namba hizo hazitolewi. Anakimbilia steshenari. Kama dada amehamia Kahama na daftari lake, huyo anaingiaje?

Hata akifanikiwa kuingia, atajigharamia mwenyewe nauli, chakula na malazi, tangazo linasema hivyo waziwazi. Usaili kufanyika mikoani kumepunguza safari za Dodoma, na hilo nalisifu. Ila huyu wa steshenari hakushindwa mtihani. Hakufika hata mlangoni.

Sasa tuje kwenye mtandao wenyewe.

Walio na umri wangu wanakumbuka Julai 2009, mkongo wa baharini wa Seacom ulipoanza kazi Dar es Salaam na Mombasa. Kabla ya hapo tulikuwa tunanunua intaneti ya setilaiti kwa bei ya dhahabu, kwenye kafe zenye vibanda vya mbao, na ukurasa mmoja ulifunguka huku umekwenda kununua maji na kurudi. Mwaka uliofuata ukaja EASSy, kutoka Port Sudan hadi Mtunzini kule Afrika Kusini. Tukaambiwa sasa tumeunganishwa na dunia, na kweli tuliunganishwa. Mkongo wa Taifa ukasambaa mikoani. Bei zikashuka.

Lakini dunia tumeunganishwa nayo kwa nyaya chache. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom zilikatika zote mbili, kwenye bahari ya kusini, si mbali na Durban. Umbali wa maelfu ya kilomita, lakini Dar es Salaam tukalala hatuna mtandao wa maana, na Kenya, Uganda na Rwanda nao wakaonja. Benki zikayumba, watu wakazimazima simu wakidhani ni simu zao zimeharibika. Ilichukua siku kadhaa hali kurejea. Miezi michache kabla ya hapo nyaya nyingine zilikuwa zimekatwa Bahari ya Shamu. Wala usifikiri kila mara ni baharini. Greda la kutengeneza barabara likichimba pasipostahili, wilaya nzima inakaa gizani, na anayelipwa ni mkandarasi.

Tena kuna umeme. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 tulikuwa na mgao, hadi mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipowashwa Februari. Steshenari bila umeme ni duka la daftari na penseli.

Halafu kuna kuzimwa kwa makusudi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa, na ilirejea mwanzoni mwa Novemba. Mjadala wa sababu zake una siku yake, tena ni mjadala mzito. Mimi leo nina swali dogo la kiutumishi tu: kama tangazo la kazi lina siku 14, na ndani yake zikaingia siku tano ambazo hakuna mtu aliyeweza kufungua ukurasa, hizo siku ni 14 au ni tisa?

Hata siku za kawaida, zisizo na nyaya zilizokatika wala uchaguzi, bando lenyewe ni mtihani. Aprili 2021 mitandao ya simu ilipobadili vifurushi, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali ilisitisha bei mpya mara moja. Wengi waliopiga kelele siku ile ni vijana, na wazee wakawacheka kwamba wanalilia Instagram. Baadhi yao walikuwa wanalilia kazi. Unanunua kifurushi cha saa 24, unajaza fomu mpaka ukurasa wa wadhamini, mtandao unakatika, ukirudi unaambiwa muda wako umekwisha, ingia upya. Unaingia upya. Yale uliyojaza mengine yapo, mengine yamekwenda na maji. MB zimeliwa, na hakuna dirisha la kurudishiwa MB zilizoliwa na mfumo wa mtu mwingine.

Mpaka hapa nimezungumzia serikali, ambayo angalau ina anwani. Tukienda kwenye tovuti na kurasa za binafsi za ajira, mambo ni vululuvululu. Zipo zinazoendeshwa kwa uaminifu, waajiri wakubwa wanazitumia. Lakini kwa kila moja ya hizo kuna utitiri wa kurasa zinazonyofoa matangazo ya wengine, kuyabandika na kuyazungushia matangazo ya biashara, na kukufanya ubonyeze hapa, kisha hapa, kisha ujiunge na kundi la WhatsApp, kisha urudi. Unapofika kwenye tangazo lenyewe, lilifungwa mwezi uliopita. Mwenye ukurasa hapati hasara yoyote, maana yeye hakuwa anatafuta mfanyakazi, alikuwa anatafuta kubonyezwa. Kijana mwenye MB 300 ndiye bidhaa yake.

Wengine wanakutaka upandishe wasifu wako wote, vyeti, namba ya NIDA, ndipo uone nafasi. Vyeti hivyo vinakwenda wapi? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake Rais aliizindua Aprili 2024. Ningependa kuiona Tume hiyo ikibisha hodi kwenye kurasa hizi, kwa sababu huko ndiko taarifa za watoto wetu zimetandazwa kama mitumba ya soko la Karume.

Na kisha kuna matapeli kamili. Hawa wana nembo nzuri kuliko kampuni za kweli. Hongera, umechaguliwa, tuma pesa kidogo ya fomu. Kesho pesa ya vipimo vya afya. Keshokutwa ya sare. Kiasi ni kidogo makusudi, ili usione aibu kukikopa na uone aibu kwenda polisi. Wakubwa wao wanauza ndoto za nje. Tangu mwaka 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwarudisha raia wake waliojibu matangazo ya mtandaoni ya kazi nzuri Thailand, wakavushwa mpaka Myanmar na kufungiwa kwenye makambi, huko wakilazimishwa kutapeli watu wengine kwa kompyuta. Walioingia mtego huo walikuwemo vijana waliosoma, wanaojua Kiingereza na kompyuta, maana hao ndio waliotakiwa. Kwa hiyo tusiwaite wajinga. Mtu aliyetuma maombi mara nyingi na hakujibiwa hata mara moja, siku akijibiwa haraka, kwa heshima, na jina lake likiandikwa sawasawa, moyo unatangulia mbele ya akili.

Hapo kwenye kutojibiwa pana kidonda. Mifumo hii imeumbwa kupokea. Kusema, inasema kwa shida. Sekretarieti ina desturi ya kuwaambia ambao majina yao hayapo kwamba hawakukidhi vigezo na wasisite kuomba tena. Ni afadhali. Waajiri wengi wa binafsi hata hilo hawalisemi. Mashine inaweza kutuma ujumbe kwa watu laki moja kwa kubonyeza kitufe kimoja, hilo ndilo jambo ambalo mashine inalifanya kwa urahisi kuliko yote, na hilo ndilo haliombwi kulifanya. Siuoni ugumu wa kitaalamu hapo. Naona dharau.

Basi kifanyike nini? Sitaki kuwapangia wataalamu wa Mamlaka ya Serikali Mtandao kazi yao, wanaijua. Nataja machache ambayo hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

La kwanza ni la haki: siku ambayo mfumo umelala, au mtandao wa nchi umekatika, isihesabiwe. Iandikwe kwenye kanuni, isisubiri huruma ya ofisa. Mahakama zina utaratibu wa kuongeza muda kwa sababu za msingi, na mwombaji wa kazi ana sababu ya msingi pale mkongo unapokatika Durban. Kenya, Julai 2023, mfumo wa huduma za serikali wa eCitizen uliposhambuliwa na wadukuzi, huduma chungu nzima ziliyumba kwa siku kadhaa. Mifumo huanguka, ya kwetu na ya wenzetu. Anguko la mfumo lisiwe kosa la mwombaji.

Halafu tuitumie simu ya kitochi. Serikali inayo tayari namba *152*00#, inayofanya kazi bila MB hata moja. Kijana aweze kuangalia hapo kama ombi lake limepokelewa, kama ameitwa, usaili uko wapi, namba yake ya mtihani ni ipi. Hayo ni maneno machache tu, hayahitaji picha wala rangi. Na kurasa za maombi zenyewe ziwe nyepesi. Mtu anayetafuta kazi ya uhasibu hana haja ya kupakia kwanza picha kubwa ya uzinduzi wa jengo.

Tena kampuni za simu, ambazo kila mwaka hutuonyesha hundi kubwa za kadibodi zikisaidia jamii, zifungue tovuti ya ajira ya serikali bila kukata bando. Hundi ya kadibodi ya aina hiyo nitaipigia makofi hapa hapa studio.

Na kila tangazo linapofungwa, mwajiri atoe hesabu: nafasi zilikuwa ngapi, walioomba wangapi, walioitwa wangapi. Hesabu ile ya Mamlaka ya Mapato ilitushtua, na ilistahili kutushtua. Itolewe kwa kila nafasi, ya umma na ya kampuni kubwa. Foleni isiyopigwa picha ihesabiwe basi.

Muda wangu umekwisha, mtangazaji wa michezo amekwisha kukaa hapa pembeni ananiangalia. Neno la mwisho ni kwako wewe mwenye akaunti iliyofunguliwa steshenari. Kesho asubuhi nenda kwa yule dada, msalimie vizuri, mwombe daftari. Nakili barua pepe yako na paswedi yako, weka namba yako ya simu badala ya yake, kisha badilisha hiyo paswedi ukiwa mwenyewe. Na ukitumiwa ujumbe wa kazi unaoanza kwa kukuomba pesa, usijibu. Upeleke kwenye namba 15040 ya kuripoti utapeli, ni bure, kisha ufute. Usiku mwema.